Kadi Inasomeka Lakini Namba Hazieleweki: Mwongozo Kamili wa Kusaka Baiti Zilizopinduka

Tatizo linalowarudia wasomaji ni lile lile. Kifaa kinaitambua kadi ya kumbukumbu, sekta ya kwanza (kipande cha kwanza cha baiti 512) inasomeka, halafu faili hazionekani, au zinaonekana zikiwa na namba zisizo na kichwa wala miguu. Mtu anaongeza mstari mmoja wa kupindua baiti. Kitu kimoja kinapona, kingine kinaharibika. Anaongeza mstari wa pili. Kufikia hapo hakuna tena anayejua baiti zimepinduliwa mara ngapi na wapi.

Hapa tutakwenda kwa utaratibu mwingine. Hutagusa programu mpaka uwe umeziona baiti zenyewe kwa macho, na utakapopindua utapindua mahali pamoja tu, pale penye kosa. Mfano wangu ni kifaa cha kupima kina na joto la maji ya bahari, cha aina unayoweza kukifunga kwenye nguzo ya gati hapa Tanga kikarekodi kwenye kadi kwa wiki kadhaa. Ukiwa na kipima mvua kwenye shamba la mkonge Muheza, hatua ni hizi hizi.

## Vitu vya kuandaa

- Kadi mbili za SDHC, kati ya GB 4 na GB 32. Moja iwe ile yenye matatizo, nyingine iwe nzima kabisa.
- Kompyuta na kisoma kadi cha USB. Kwenye Linux utatumia `dd` na `xxd`. Kwenye Windows programu ya HxD inatosha.
- Kifaa chako, pamoja na waya wa kukiunganisha na kompyuta ili usome ujumbe kinaotuma.
- Multimita.
- Karatasi ya maelezo ya kiwanda ya kila kihisi ulichofunga.
- Daftari na kalamu. Utaandika baiti mkononi na kuzilinganisha, na skrini peke yake huchanganya macho.

Kichunguzi cha mawimbi cha njia 8 kikiwepo ni vizuri. Kisipokuwepo, kazi inaendelea.

## Jambo moja la kuelewa kabla ya kuanza

Namba 8192 kwa heksadesimali ni 0x00002000. Kuna njia mbili za kuipanga kwenye kumbukumbu. Ukianza na baiti nyepesi, yaani yenye tarakimu za thamani ndogo, unapata `00 20 00 00`. Ukianza na baiti nzito unapata `00 00 20 00`. Nitaziita nyepesi-kwanza na nzito-kwanza.

Watu wengi huuliza kadi ya SD inatumia ipi. Inatumia zote mbili, na hapo ndipo wengi wanapokwama:

- Amri zinazotumwa kwa kadi hubeba namba ya sekta kwa nzito-kwanza.
- Rejista za kadi, kama ile inayoeleza ukubwa wake, nazo ni nzito-kwanza.
- Mfumo wa faili wa FAT ni nyepesi-kwanza daima, kifaa kiwe cha aina yoyote.
- Data unayoandika ndani ya faili ina mpangilio uliouchagua wewe, au uliochaguliwa na kompaila (programu inayogeuza msimbo wako kuwa wa prosesa) kama hukuchagua.

Ongeza hapo prosesa yenyewe. ESP32, AVR inayotumia avr-gcc, na Cortex-M nyingi zinazouzwa ni nyepesi-kwanza. Ruta za MIPS zenye chipu ya AR9331 ni nzito-kwanza, na hizo ndizo watu hupenda kuzigeuza vituo vya kukusanyia data. Programu iliyokwenda kwa bahati kwenye ESP32 huanguka inapohamishiwa kwenye ruta hiyo, na mwandishi wake hukimbilia kuilaumu kadi.

## Hatua ya 1: Ondoa shaka ya umeme na kutu

Kadi hufanya kazi kati ya volti 2.7 na 3.6. Pima kwenye pini za soketi wakati kifaa kinasoma, maana volti ya 3.3 unayoiona kifaa kikiwa kimetulia inaweza kushuka kadi inapovuta umeme mwingi. Bodi ya volti 5 isiunganishwe moja kwa moja na pini za kadi. Itaiua.

Sisi wa mwambao tuna adui wa ziada: hewa ya chumvi. Migusano ya soketi hupata kutu ya kijani hata ndani ya boksi lililofungwa. Safisha kwa pamba na spiriti safi ya isopropili, uache ikauke.

Sasa jaribio lenyewe. Punguza kasi ya SPI (njia ya waya ambayo kifaa huzungumza na kadi) hadi kilohezi 400, soma sekta moja mara mbili, ulinganishe. Baiti zikitofautiana kati ya usomaji wa kwanza na wa pili, huna tatizo la mpangilio. Baiti zilizopinduka hupinduka vile vile kila mara, bila kubadilika. Kinachobadilika ni waya mrefu, soketi mbovu au umeme dhaifu, na usiendelee mbele mpaka ukitibu.

Umefaulu ikiwa: usomaji wote unatoa baiti zile zile, hata ukiichomoa kadi na kuirudisha.

## Hatua ya 2: Pata ushahidi kutoka kwenye kompyuta

Chomeka kadi kwenye kompyuta, andika `lsblk` uone jina lake, kisha nakili sekta ya kwanza:

```
sudo dd if=/dev/sdX of=sekta0.bin bs=512 count=1
xxd sekta0.bin
```

Badilisha `sdX` kwa jina halisi la kadi. Onyo: ukibadilishana `if` na `of`, au ukataja diski ya kompyuta badala ya kadi, unaweza kufuta kazi ya miaka. Soma mstari mara mbili kabla ya kubonyeza.

Onyo jingine limewapoteza wengi kuliko hilo. Usitumie `hexdump` bila `-C`. Ikiachwa hivyo, inaonyesha baiti mbilimbili kama namba za biti 16, na kwenye kompyuta za kawaida kila jozi huonekana imepinduka. Utaona `aa55` mwishoni na kuamini kadi imeharibika ilhali ni nzima. `xxd` na `hexdump -C` huonyesha baiti kwa mfuatano wake halisi.

Tafuta vitu vitatu:

Mwisho wa sekta, baiti ya 510 iwe `55` na ya 511 iwe `aa`. Hesabu inaanzia sifuri.

Baiti ya 450 ni aina ya patisheni, yaani sehemu ya kadi inayobeba faili. `0b` au `0c` ni FAT32. `07` kwa kadi kubwa mara nyingi ni exFAT, mfumo mwingine wa faili, na maktaba nyingi za maikrokontrola haziisomi mpaka uiwashe kwa makusudi. Hilo ni tatizo la kufomati, halina uhusiano na baiti kupinduka.

Baiti 454 hadi 457 ni namba ya sekta inapoanzia patisheni. Kadi nyingi zitaonyesha `00 20 00 00`, yaani 8192.

Sekta ya kwanza ikianza na `eb` na maandishi FAT32 yakaonekana humo humo, kadi haina jedwali la patisheni, na sekta hiyo ndiyo sekta ya buti, yaani ile inayoeleza mfumo wa faili. Vinginevyo ifuate ilipo:

```
sudo dd if=/dev/sdX of=buti.bin bs=512 skip=8192 count=1
xxd buti.bin
```

Umefaulu ikiwa: sekta ya buti inaanza na `eb 58 90`, baiti 11 na 12 ni `00 02`, na kuanzia baiti ya 82 unasoma neno FAT32. Iandike kwenye daftari mistari yenye vitu hivi. Huo ndio ushahidi utakaolinganisha nao kila kitu.

## Hatua ya 3: Kifaa kionyeshe sekta ile ile

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayotoa jibu mara nyingi. Isome sekta ya buti kupitia kifaa, uchapishe baiti zote bila kuzitafsiri:

```c
uint8_t bafa[512];
/* soma sekta ya buti hapa */
for (int i = 0; i < 512; i++) {
    printf("%02x ", bafa[i]);
    if (i % 16 == 15) printf("\n");
}
```

Bafa lazima iwe ya `uint8_t`. Ukichapisha kama namba za biti 16 au 32, prosesa itaingiza mpangilio wake na ushahidi utachafuka.

Sasa linganisha na daftari.

Baiti zinafanana zote. Njia ya kusoma ni salama. Kosa liko kwenye tafsiri. Nenda hatua ya 5.

Zimebadilishana mbilimbili. Kwenye baiti ya 82 utaona `AF3T 2` badala ya `FAT32`, na mwishoni `aa 55`. Sababu ni SPI iliyowekwa fremu ya biti 16 kwenye prosesa ya nyepesi-kwanza. Baiti inayofika kwanza kwenye waya inaingia upande mzito wa fremu, na inapohifadhiwa inakaa ya pili. Rudisha SPI kwenye biti 8, na DMA (sehemu ya chipu inayohamisha data bila kupitia prosesa) ihamishe baiti mojamoja.

Zimepinduka nnenne. Alama ya `aa 55` imehama hadi baiti 508 na 509, na kuanzia baiti ya 80 unaona `AF`, nafasi, kisha ` 23T`. Hapa kuna rejista ya biti 32 inayosomwa kwa mpangilio usio wake, jambo la kawaida kwenye vidhibiti vya SDIO, njia nyingine ya kuzungumza na kadi badala ya SPI. Tafuta kwenye mwongozo wa chipu kama kuna biti ya kugeuza mpangilio. Isipokuwepo, Cortex-M ina amri za `REV` kwa baiti nne na `REV16` kwa jozi, nazo ni za haraka sana.

Zote zimesogea nafasi moja. Baiti ya kwanza ni `fe`, na `55` iko 511. Hazijapinduka hata kidogo. Umehesabu alama ya kuanzia data kana kwamba ni sehemu ya data. Itupe kabla ya kuanza kusoma baiti 512.

Ninasisitiza kutazama maandishi ya FAT32 kwa sababu alama ya mwisho wa sekta inaweza kukudanganya. Ukigeuza biti za `55` kinyumenyume unapata `aa`, na za `aa` zinakupa `55`. Kwa hiyo `aa 55` peke yake haiwezi kukuambia kama zimepinduka baiti au zimepinduka biti ndani ya kila baiti. Herufi hazina utata huo: biti zikigeuka, F ya `46` inakuwa `62`, na neno halisomeki kabisa.

Onyo kubwa: chochote unachorekebisha upande wa kusoma, kirekebishe upande wa kuandika pia, kisha jaribu kwenye kompyuta. Kifaa kinachopindua wakati wa kuandika na kupindua tena wakati wa kusoma huziona faili zake vizuri kabisa. Kinajifomatia kadi, kinaandika, kinasoma, kila kitu sawa. Unakuja kuipeleka kadi kwenye kompyuta unaambiwa uifomati upya. Usikubali. Nakili kadi nzima kwa `dd` kwanza, data imo humo ikiwa imepinduka tu.

## Hatua ya 4: Hakiki namba ya sekta ndani ya amri

Ikiwa sekta ya 0 inasomeka sawa lakini nyingine zinaleta sifuri tupu au takataka, tazama hapa. Sifuri ni sifuri hata ukiipindua, kwa hiyo sekta ya 0 haithibitishi chochote kuhusu mpangilio wa amri.

Amri ya SPI ina baiti sita: namba ya amri, baiti nne za hoja kwa nzito-kwanza, na baiti ya ukaguzi. Amri ya 17 ya kusoma sekta 8192 iende hivi:

```
51 00 00 20 00 ff
```

Baiti ya mwisho haikaguliwi hapa, mradi hukuwasha ukaguzi wa CRC (namba ya kugundua makosa ya utumaji). Ukiinakili namba moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu ya ESP32, kadi itapokea `00 20 00 00`, ambayo kwake ni sekta 2,097,152. Sekta hiyo ipo, iko umbali wa gibibaiti 1 tangu mwanzo. Kadi itakupa yaliyomo bila kulalamika.

Amri ya 8 ni shahidi mzuri zaidi, kwa kuwa kadi hukagua CRC yake:

```
48 00 00 01 aa 87
```

Jibu zuri ni `01 00 00 01 aa`. Ukipata `09`, kadi inasema ukaguzi haukulingana, na hoja iliyopinduka ni mtuhumiwa wa kwanza. Ukipata `05`, kadi ni ya kizamani na haiijui amri hiyo.

Usichanganye kosa hili na la anwani. Kadi ndogo za kizamani hupokea anwani kwa baiti, wakati SDHC hupokea namba ya sekta. Kwenye kadi ya kizamani sekta 8192 huombwa kama 4,194,304. Amri ya 58 ndiyo inayotenganisha: baiti ya kwanza ya rejista inayorudi ikiwa `c0`, tumia namba ya sekta, ikiwa `80`, zidisha kwa 512.

Umefaulu ikiwa: sekta ya 0 na sekta ya buti zote zinalingana na daftari.

## Hatua ya 5: Tafsiri sehemu za FAT

Mwambie kifaa achape thamani ya baiti kwa sekta, iliyoko baiti 11 na 12. Jibu litakuonyesha ugonjwa:

- 512: sawa.
- 2: umesoma nzito-kwanza kitu kilichoandikwa nyepesi-kwanza.
- 2050 au 16386: hakuna kilichopinduka. Kompaila imeacha pengo ndani ya `struct` yako (kiolezo cha sehemu za data kwenye C), ikahamisha sehemu ya biti 16 kutoka nafasi 11 hadi 12.
- 0: kuna uwezekano mkubwa kadi ni exFAT. Tazama kama baiti ya 3 inaanza na neno EXFAT.

Lile la tatu limewapa watu taabu nyingi. Wanapindua, namba inabadilika kuwa nyingine isiyoeleweka, wanapindua tena. Kuiwekea `struct` alama ya `packed` huondoa pengo, ila kwenye Cortex-M0 kumpa prosesa pointa ya biti 16 inayoelekea nafasi isiyogawanyika kwa mbili husimamisha programu papo hapo. Ushauri wangu ni kuachana na kufunika `struct` juu ya sekta. Soma baiti mojamoja:

```c
uint16_t soma16(const uint8_t *p) {
    return (uint16_t)p[0] | ((uint16_t)p[1] << 8);
}

uint32_t soma32(const uint8_t *p) {
    return (uint32_t)p[0] | ((uint32_t)p[1] << 8)
         | ((uint32_t)p[2] << 16) | ((uint32_t)p[3] << 24);
}
```

Msimbo huu hauulizi prosesa ni ya aina gani. Unatoa 8192 kwenye ESP32 na kwenye ruta ya MIPS vile vile. Usiondoe `(uint32_t)`: kwenye AVR, `int` ina biti 16 tu, na kuisogeza baiti nafasi 16 huipoteza. Ukitumia maktaba ya FatFs, kazi hii imeshafanywa ndani yake, hivyo usiongeze upinduaji wako juu.

Umefaulu ikiwa: kifaa kinaorodhesha majina ya faili ulizoziweka kwa kompyuta.

## Hatua ya 6: Data yako mwenyewe

Kadi sasa ni nzima, lakini namba za ndani ya faili zinaweza kuwa bado si sahihi. Chanzo mara nyingi ni kihisi. Kihisi cha joto cha DS18B20 hutuma baiti nyepesi kwanza. Vihisi vya Modbus (itifaki ya mawasiliano ya vifaa vya viwandani) hutuma rejista zake nzito-kwanza. Ukiviweka vyote viwili kwenye kifaa kimoja na kuvitendea sawa, kimoja lazima kitoe uongo.

Joto hujifichua lenyewe. Nyuzi 28.5 kwenye DS18B20 hufika kama `c8 01`. Ukizipindua unapata takriban nyuzi −896. Hakuna atakayeiamini.

Kina cha maji ndicho cha hatari. Chukua milimita 1800, ambayo ni 0x0708. Ikipinduka inakuwa 0x0807, yaani 2055. Mita 2 na kidogo kwenye gati ni kitu cha kawaida kabisa, na mtu anaweza kuipeleka namba hiyo kwenye ripoti bila wasiwasi. Ila maji yakipanda milimita moja, 1801 inakuwa 2311, na 1802 inakuwa 2567. Kila milimita inaruka 256. Hiyo ndiyo alama ya kuitafuta: tofauti kati ya vipimo viwili jirani ikiwa 256, au mara kadhaa ya 256, baiti zimepinduka.

Hakiki kwa Python, ukisoma vipimo vitatu vya kwanza kwa njia zote mbili:

```python
import struct
with open("maji.bin", "rb") as f:
    d = f.read(6)
print(struct.unpack("<3H", d))
print(struct.unpack(">3H", d))
```

Mstari mmoja utaonyesha mwendo laini, mwingine mruko. Kisha chora siku nzima. Kwenye pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, hivyo mchoro sahihi una vilima viwili na mabonde mawili yanayoteleza, iwe wakati wa bamvua au maji mafu. Mchoro wa meno ya msumeno hautokani na bahari.

Kabla ya kukirudisha kifaa majini, kipime kwenye ndoo. Milimita 300 zikisomeka 11265, rekebisha mahali unapopokea baiti za kihisi, usirekebishe mahali unapoandika faili. Ukirekebisha kwenye faili, vihisi vingine vilivyokuwa sawa vitaharibika.

Faili za zamani zisiguswe. Tengeneza nakala, pindua nakala, na jina lake lionyeshe kwamba imeshapinduliwa.

## Hatua ya 7: Weka alama ya kudumu

Kila faili ya data ianze na baiti nne za utambulisho. Mimi hupendekeza 0x1A2B3C4D, iandikwe nyepesi-kwanza, yaani `4d 3c 2b 1a`. Baiti zote nne ni tofauti, kwa hiyo kila aina ya kupinduka ina sura yake.

Programu ya kusoma, ikitumia `soma32`, ipate 0x1A2B3C4D. Ikipata 0x4D3C2B1A, zote nne zimepinduka. Ikipata 0x2B1A4D3C, zimebadilishana mbilimbili, rudi hatua ya 3. Ikipata kingine chochote, ikatae faili na isimame, badala ya kuendelea kusoma na kukupa namba za kubahatisha.

Baada ya alama hiyo, andika baiti moja ya toleo la mpangilio wa faili, kisha vipimo. Ile kadi nzima uliyoiandaa mwanzoni iwekee faili yenye alama hii na vipimo 1800, 1801 na 1802, uifunge isiandikwe, na uisome kwa kila kifaa kipya au toleo jipya la programu kabla ya kukifunga gatini.